Homa Isiyopanda Mlima

SEHEMU YA TISA

Tulimwacha Sista Rodah amesimama mbele ya meza ya meneja, na juu ya meza hiyo kuna karatasi yenye jina lake. Wengine wenu mmeniandikia mkidai nimtoe pale haraka. Ndugu zangu, simtoi. Alijiingiza mwenyewe, kwa adabu zake nyingi.

Kwa aliyekosa gazeti nitasema mara moja tu, maana nimechoka kurudia. Rodah Chepkemoi ni muuguzi wa zahanati ya shamba la chai la Tilwet, milimani, kati ya Kericho na Sotik. Usilitafute kwenye ramani. Ni mwaka 1998, mvua kubwa zimeondoka na kutuachia mbu. Wachuma chai wanakufa kwa malaria, lakini wakubwa wote wanasema malaria ni ugonjwa wa nchi ya joto, unakaa kule chini Soin na haupandi mlima. Rodah alimwambia chifu. Chifu akasema atalifikiria. Alimwambia mwandishi wa habari mjini Kericho, naye akamjibu kwamba homa si habari mpaka imshike mkubwa.

Ndipo alipoenda Sotik kwa Gichana, kijana wa Kisii mwenye kompyuta iliyofungwa kwenye waya wa simu. Kwa kompyuta ile mtu angeweza kusema na Wakenya walio ng'ambo, mamia kwa mamia, wanaoandikiana barua pepe mchana na usiku. Gichana aliliita kundi lile Baraza.

"Usiandike jina," Gichana alimwonya siku ile. "Huko watu hujificha."

"Mtu anayesimama barazani bila kusema yeye ni wa nani, huyo ni mwizi wa ng'ombe," Rodah akajibu.

Basi akajitaja jina, akamtaja baba yake, akataja mlima wao na kanisa lao, hata upande wa barabara ambako zahanati imekaa. Hakuna barua iliyowahi kuwa na adabu kama ile. Mdomo ukaponza kichwa.

"Hii jina ni ya nani?" meneja akauliza.

"Ni yangu, Bosi."

"Na huyu mzee arap Tonui?"

"Ni baba."

"Hata kanisa umeandika! Sista, ulikuwa unatafuta mchumba ama ulikuwa unanishtaki?"

Meneja anaitwa Robert Kipkurui, mtu wa huku huku. Wazungu walipoondoka walimwachia ofisi, kapeti na lawama zote. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku nyingi.

"Hii imetoka London kwa faksi," akasema. "Mtu wa hiyo baraza yenu aliipeleka head office. Sasa wananiuliza, Robert, watu wanakufa? Na mimi nilikuwa nimewaambia hakuna kitu."

Rodah alingoja kufutwa kazi. Alikuwa hata ameshaanza kufikiria atakavyokunja mapazia yake. Lakini Robert alichukua kofia.

"Twende."

"Wapi, Bosi?"

"Kelele yenu imefika mpaka Nairobi. Wametuma daktari. Ako kwa line saa hii, anataka kuona hiyo malaria yako."

Rodah alitangulia mlangoni kwa furaha. Watu asiowajua, walioketi kwenye baridi za huko Ulaya na Amerika, walikuwa wamepiga simu na kusumbua ofisi mpaka daktari akapanda gari! Kile ambacho chifu na gazeti walishindwa kufanya, Baraza lilikuwa limekifanya.

Furahi tu, Sista. Haidumu.

Daktari Ondieki walimkuta kwenye line, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu chini ya chai. Alikuwa mwembamba, viatu vimejaa matope, na alipiga miayo kila baada ya maneno mawili. Lakini huyo mpiga miayo ndiye aliyeshika roho za watu mkononi. Akitangaza kwamba ugonjwa umelipuka mlimani, serikali ingeleta dawa ya kila nyumba, na mtu yeyote mwenye homa angepewa. Asipotangaza, basi dawa ni ile iliyobaki katika kabati la Rodah, na haikuwa ya kutosha hata line moja.

Daktari aliingia nyumba ya kwanza, akatoka. Akaingia ya pili. Wagonjwa walikuwa wakitetemeka chini ya mablanketi, macho ya manjano.

"Hii ni malaria," akasema. "Hakuna ubishi."

Rodah alitaka kumkumbatia.

"Swali ni moja tu," Daktari akaendelea. "Waliipata wapi?" Akamwinamia mzee aliyelala karibu na mlango. "Mzee, hivi karibuni umesafiri mahali?"

"Ndiyo, Daktari. Soin."

Rodah akamkazia mzee macho.

"Na wewe, mama?"

"Soin. Nilienda kuona ng'ombe ya shemeji."

"Na wewe?"

"Soin, Daktari."

Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye plasta tangu pajani mpaka kwenye kifundo. Naye akasema Soin.

"Na mguu huu?"

"Nilienda pole pole."

Robert akacheka mpaka akajishika kiuno. Daktari hakucheka. Alimgeukia Nyamusi, mchuma chai kutoka upande wa Kisii, aliyekuwa amekaa kizingitini na mtoto mchanga kifuani. Mtoto alikuwa anawaka moto. Kila mtu kwenye line alijua kwamba Nyamusi hajavuka hata barabara tangu ajifungue.

"Mama, na wewe?"

Nyamusi alimtazama Rodah. Kisha akatazama chini.

"Soin."

"Na mtoto?"

"Tulienda na yeye."

Msiwacheke, wasomaji. Acheni niwaeleze jambo ambalo Rodah amewaficha hata ninyi kwa sehemu nane nzima.

Kwenye zahanati ya Tilwet kulikuwa na amri ya zamani. Kwinini apewe aliyetoka nchi ya joto. Ambaye hajashuka mlima hana malaria, apewe tembe za maumivu arudi akalale. Rodah aliitii amri hiyo mpaka siku alipomrudisha mama mmoja nyumbani na tembe zake, na yule mama hakuamka. Tangu hapo akaanza kuwanong'oneza wagonjwa dirishani kabla hawajaulizwa, "Sema ulienda Soin." Neno likaenea. Line nzima ikawa imeshuka Soin na kupanda, vilema kwa wazima, na kila aliyesema hivyo akapata dawa. Sasa daktari mwenye koti anasimama mbele yao na kuwauliza swali lile lile. Ulitaka wajibu nini? Ule uongo uliowaponya wachache ulikuwa unawanyima dawa watu wote wa mlima, na mwalimu wao amesimama pale pale.

Angeweza kusema. Nami nilimwomba aseme. Lakini muuguzi anayefundisha wagonjwa uongo ananyang'anywa cheti, na mfanyakazi anayedanganya ili apate dawa ya kampuni anafukuzwa na kufungiwa nyumba. Robert alikuwa anawatazama mmoja mmoja.

"Daktari, pima damu," akajaribu.

"Damu itaniambia ana malaria, Sista. Haiwezi kuniambia mbu alimuuma wapi." Daktari akafunga mkoba. "Watu wameenda Soin, wakarudi na malaria ya Soin. Huo si mlipuko. Mimi nalala Kericho leo, kesho narudi Nairobi. Ukiwa na kitu kingine, unitafute kabla sijaondoka."

Akapanda gari, akaenda zake akipiga miayo.

Rodah alimfuata Nyamusi hadi ndani.

"Nyamusi, mbona? Si hata barabara hujavuka!"

"Sista, ni wewe ulituambia." Nyamusi hakuwa na hasira. Alikuwa anampepea mtoto kwa kona ya leso. "Nikisema sikuenda, na wanyime mtoto dawa, utanipatia ingine wapi?"

Rodah akamgusa mtoto paji la uso, akatoka.

Nje, Robert alikuwa ameshawasha gari la shamba.

"Ingia. Tunaenda Sotik."

"Kufanya nini?"

"Utaandikia hao watu wako kwamba uliwadanganya. Mbele yangu. Ukimaliza unarudi kwa kazi yako, na mimi nasahau, London pia wanasahau. Ukikataa, lete funguo ya dispensari." Akasugua macho. "Sista, mimi pia nimechoka. Tumalize hii maneno."

Kama angetoa ufunguo, kabati lingebaki na karani wa stoo, ambaye hata tembe za maumivu aliwauzia watu. Rodah akaingia garini.

Kibanda cha Gichana kiko Sotik, katikati ya kinyozi na duka la dawa za mifugo. Wateja wake ni Wakipsigis na Wakisii, wote wanalalamika kwa lugha mbili kwamba simu ni ghali. Gichana alipomwona Rodah aliruka kwenye kiti.

"Sista! Uko na barua mingi! Baraza imewaka!" Kisha akamwona Robert nyuma yake, na furaha ikamkauka usoni. "Karibu, mkubwa."

"Msomee," Robert akasema. "Asikie marafiki zake."

Gichana akasoma. Wale watu wa Baraza waliandika Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Mimi nawapikia katika chungu kimoja. Mmoja alilaumu Kiswahili cha Rodah. Wawili walikuwa wamesahau homa kabisa, wanagombana ni kabila gani lililoanza kula nchi. Mwingine aliuliza kama kuna mtu anayesafiri kwenda Boston, amletee mursik, yale maziwa ya kibuyu. Mwingine alisema tuombe. Rodah aliketi kwenye benchi. Uchovu ulimshika, ule wa mchuma chai anayefika kwenye mizani na kikapu mgongoni akakuta karani ameenda nyumbani.

"Lakini kuna hii," Gichana akasema kwa sauti ya chini. "Ya Winny."

Winny alikuwa msichana wa Kapkatet anayesomea uuguzi Minnesota. Ndiye aliyewahimiza wenzake wapige simu mpaka Nairobi ikasikia. Aliandika hivi: "Nilimwamini Sista kwa sababu alisema yeye ni wa nani. Nilimpigia mama, akaniambia anamjua mzee arap Tonui, na kwamba hazai waongo. Nimeongea na mhariri wa gazeti Nairobi. Atachapa habari hii kesho, kama Sista atathibitisha leo. Nimeweka jina langu pamoja na lake."

Rodah akafunika uso kwa viganja.

"Vizuri," Robert akasema. "Wanangoja jibu, tuwape jibu. Kijana, andika. Mimi Rodah Chepkemoi, naomba msamaha. Hakuna mlipuko Tilwet. Wagonjwa wote walitoka Soin."

Gichana akaandika. Vidole vyake vilikuwa vizito.

"Weka jina yake, utume."

"Gichana, ngoja," Rodah akasema. "Futa."

"Nifute gani, Sista?"

"Futa yote, ubakishe jina langu." Alisimama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Andika: Wagonjwa wote walisema wametoka Soin. Mimi ndiye niliwafundisha kusema hivyo."

Robert akaruka. "Nini?"

"Andika, Gichana. Kwetu ukisema hukuenda Soin, hupati dawa. Niliona mtu akifa kwa kusema ukweli, nikafundisha wengine kudanganya. Leo daktari amewauliza, wakamdanganya na yeye, kwa sababu yangu. Hakuna mtu ameshuka mlima. Kuna mtoto mchanga hapa anaumwa, na mama yake hajavuka barabara. Malaria iko huku juu."

"Sista, unajua unasema nini? Cheti yako imeenda!"

"Najua."

"Na hao watu walidanganya kampuni! Nitawafuta wote!"

"Wafute, Bosi. Halafu uingie shambani uchume mwenyewe."

Kinyozi wa jirani alikuwa amezima mashine yake ili asikie vizuri.

"Nitume?" Gichana akauliza.

"Tuma."

Robert angeweza kung'oa ule waya. Ulikuwa karibu na mguu wake. Sijui kwa nini hakuung'oa. Kompyuta ikapiga simu Nairobi, ikalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, ikanyamaza. Maneno yakawa yameenda, na maji yakimwagika hayazoleki.

Wakangoja. Gichana aliagiza chai, na hakuna aliyeinywa. Kwa Winny jua lilikuwa ndio kwanza linachomoza. Kwa walioko Uingereza ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Gichana akapiga tena, mbuzi akalia tena, majibu yakaanza kushuka.

"Wanasemaje?" Rodah akauliza.

"Sista, hizi ni za wajinga. Tuziache."

"Soma."

"Huyu anasema, nilijua ni mwongo. Huyu anasema, aibu ya wauguzi. Huyu anataka ufukuzwe kwa Baraza." Gichana akasita. "Na Winny."

"Soma ya Winny."

"Sista, mhariri amekataa. Anasema hawezi kuchapa habari ya mtu aliyekiri kudanganya. Wenzangu wananicheka. Ningejua, nisingeweka jina langu. Kwaheri."

Basi. Hivyo ndivyo ukweli unavyolipwa siku nyingine, na mtu asikudanganye kwamba ni tofauti kwenye kompyuta. Rodah hakulia. Alikuwa amevuka pale pa kulia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa zahanati, akauweka katika kiganja cha Robert.

"Nilijaribu, Bosi. Mtoto wa Nyamusi apewe kwanza. Hiyo tu ndiyo naomba."

Alikuwa ameshafika mlangoni Gichana alipopiga kelele.

"Sista, rudi! Kuna ingine!"

"Nimesikia matusi ya kutosha, ndugu yangu."

"Si matusi. Ni mtu anaitwa Onsongo, ako Manchester. Huyu hajawahi kuandika hata siku moja." Gichana alikuwa anasoma haraka, midomo ikimtangulia. "Anasema: Sista Rodah, nimesoma barua yako mara mbili. Dada yangu ni muuguzi kwa kliniki ya misheni, milima ya Kisii. Nimempigia simu sasa hivi nikamwuliza, na ninyi je? Alinyamaza. Halafu akaanza kulia. Amesema hata wao huwafundisha wagonjwa kusema walishuka nchi ya joto, la sivyo hawapati dawa. Alifikiri ni yeye peke yake."

Rodah akashika mwimo wa mlango.

"Kuna ingine," Gichana akasema. "Hii ya mtu wa Leeds. Mke wake ni muuguzi upande wa Bomet. Ni hivyo hivyo. Sista, na hii... hii ni ya Toronto. Shangazi yake..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Milima yote ilikuwa imesema imeshuka Soin, kila kituo kikificha aibu yake, na kule Nairobi wakubwa walihesabu wasafiri. Ugonjwa ulikuwa umepanda juu na kutulia majumbani. Watu waliouona ni wauguzi waliokuwa wakinong'ona madirishani, kila mmoja akidhani dhambi ni yake mwenyewe.

Mbuzi akalia tena. Ilikuwa Winny.

"Sista, nisamehe. Mhariri amenipigia mwenyewe. Anasoma yanayoingia. Anataka majina ya hao wauguzi wote, wale watakaokubali. Na yule daktari, je, bado yuko huko?"

"Bado!" Rodah akasema, kana kwamba Winny yumo humo kibandani. "Gichana, mwambie bado! Bosi, nipeleke Kericho. Nipeleke sasa, utanifuta kesho!"



Robert alikuwa ameketi pale kwenye benchi ya wateja, ufunguo mkononi, kofia imeanguka sakafuni na hajui imeanguka. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Gichana alidhani ni hasira, akasogeza kiti chake nyuma.

"Bosi?"

"Mama yangu amelazwa huko Bureti, mlimani," Robert akasema. "Ni wiki ya pili wanampatia dawa ya taifodi. Jana hakunijua."

Rodah alimsogelea. Alijua la kuuliza, na hakutaka kuuliza.

"Walimwuliza kama ameshuka Soin?"

"Walimwuliza. Nilikuwa hapo." Robert alikuwa anatazama ule ufunguo kama mtu asiyejua unafungua nini. "Muuguzi alimwinamia mara mbili, akamwambia, mama, fikiria vizuri, hukupita Soin hata kidogo? Mimi nikamkasirikia, nikamwambia awache kumsumbua mgonjwa. Mama akasema hapana, hajawahi kufika."

Akainua macho.

"Mama ameokoka, Sista. Hajui kudanganya."